Msumari wa Kule

Mlangoni pa maabara ya tishu za mimea palikuwa na ubao uliopakwa rangi ya kijani, na kwenye ubao huo misumari ilipangwa kwa safu tatu. Safu ya kwanza iliandikwa Ndani, ya pili Nje, na ya tatu Kule. Kila mtu wa maabara alikuwa na kibao chake chenye tundu, akikitundika anapoingia na kukihamisha anapotoka. Mpango huo ulikuwa wa Dada Mkuu, mwanafunzi wa uzamivu aliyekaa pale muda mrefu hata wageni wakamdhania mwajiriwa, na ulikuwa na kanuni moja isiyoandikwa popote lakini iliyofuatwa na wote: kibao cha mtu kikilala kwenye Nje hadi siku ya pili, wenzake humpigia simu, na miche yake hutunzwa na aliye karibu mpaka arudi.

Safu ya Kule ilikuwa na msumari mmoja tu. Ulipigiliwa kwa ajili ya Popo.

Hakuzaliwa na jina hilo. Alikuwa binti wa fundi cherehani na wa dereva wa lori mstaafu, naye alikuja chuoni kusomea shahada mbili za uzamili kwa mkupuo mmoja: usimamizi wa biashara na bayoteknolojia. Chuo kiliuita mpango huo shahada pacha, kikautangaza kwa picha ya vijana wengi wanaocheka, na mwaka ule aliyejitokeza akawa yeye peke yake. Asubuhi alikuwa maabara. Alasiri alivuka barabara kuu kwenda kitivo cha biashara. Jioni alirudi tena maabara kuangalia miche yake. Siku ya kwanza aliingia maabara na viatu vya kisigino, na siku hiyohiyo akaingia darasani akinuka spiriti. Mwenyekiti, kijana aliyeongoza kundi lao la darasani na ambaye hakuonekana bila tai hata Jumamosi, alimtazama juu hadi chini.

"Sasa wewe tukuweke wapi?" aliuliza. "Kwa ndege una meno, kwa wanyama una mabawa. Wewe ni popo!"

Darasa zima lilivunjika mbavu. Jina lile likavuka barabara kabla ya mwenyewe, na kesho yake akakuta limeshaandikwa kwenye kibao. Likawa jambo la pekee ambalo vitivo viwili vilipata kukubaliana. Popo alicheka pamoja nao, kwa kuwa aliamini kwamba mtu hapewi jina la utani mahali asipotakiwa.

Nyumbani nako waligawana. Kila Jumapili, baada ya vyombo vya mchana kuoshwa, mama yake alimpigia simu.

"Mwanangu, hebu nieleweshe tena. Hiyo shahada ni moja au ni mbili?"

"Ni mbili, mama. Ila zinakwenda pamoja."

"Kama mimba ya mapacha."

"Ndiyo, mama."

"Basi na wewe ule chakula cha watu wawili. Baba yako anawaambia watu utakuwa daktari wa mimea. Mimi nawaambia utakuwa na kampuni. Maliza zote, tusije tukaonekana waongo kwa majirani."

Kilichoziunganisha shahada hizo kilikuwa kitu kimoja tu, nacho ni miche ya migomba. Popo aliikuza ndani ya chupa, juu ya jeli yenye sukari na virutubisho, kutoka kwenye vipande vidogo vya kiini cha mgomba visivyo na ugonjwa wowote. Ndani ya chupa miche hustawi vizuri mno. Hewa ya humo imejaa unyevu, upepo haupo, jua ni taa ya dari. Kwa hiyo majani yake hayajifunzi kamwe kufumba vitundu vyake ili kuzuia maji yasipotee. Ukiutoa mche chupani na kuuweka wazi siku hiyohiyo, hunyauka ukiutazama. Sharti uzoeshwe. Hupandwa kwenye trei la udongo, hufunikwa kwa plastiki angavu, kisha kila siku mfuniko hufunguliwa kwa muda mrefu kidogo kuliko jana, mpaka siku ambayo mche hauuhitaji tena.

Hatua hiyo ndiyo Popo aliyokuwa ameifikia. Mwishoni mwa mwezi jopo la pamoja, nusu wanasayansi na nusu walimu wa biashara, lingeketi meza moja kwa mara ya kwanza kumsikiliza. Upande mmoja ungehesabu miche iliyo hai. Upande wa pili ungepima kama miche hiyo inaweza kuuzwa kwa wakulima. Profesa, msimamizi wake wa maabara, alikuwa amemweleza bila kumung'unya maneno: miche ikifa, hatakuwa na la kuonyesha upande wowote, na chuo kitamtaka achague shahada moja na kuiacha nyingine.

Matrei yote yalikuwa katika kitalu nyumba nyuma ya maabara. Mfuniko wa trei moja ulikuwa umepasuka pembeni, na Popo aliuziba kwa utepe wa gundi ambao ulikuwa ukibanduka kila mara. Trei hilo alilisogeza kwenye kona ili Profesa asilione.

Wenzake hawakuigusa miche yake, na katika hilo hakuwa na wa kumlaumu. Zamani kidogo Dada Mkuu alimfungulia mifuniko mchana kwa nia njema. Jioni Popo naye akaja akaifungua tena, na baadhi ya miche ikanyauka kwa kuzidishiwa hewa. "Niachieni tu," Popo alisema siku ile, kwa adabu lakini kwa sauti ya mtu aliyeumia. "Nikiwa kule, msijisumbue. Nitakuja mwenyewe." Basi ikawa sheria. Aliye Kule, kazi yake haiguswi wala hapigiwi simu, hata kibao kikikaa huko siku kadhaa.

Kitivo cha biashara nao walikuwa na sheria yao. Simu hairuhusiwi katika chumba cha kupandikizia cha maabara, kwa sababu anayejibu simu hurudi kazini na vijidudu viganjani. Popo alizoea kuizima tangu anapoingia maabara. Kundi la Mwenyekiti lilikwisha kulijua hilo: ukipiga usimpate, Popo yuko kwenye chupa zake.

Jumatatu moja ya jua kali, alasiri, Popo alihamishia kibao chake Kule na kutoka. Alipofika kwenye kivuko cha barabara, magoti yalimlegea. Alidhani ni njaa. Alishika nguzo ya taa na kungoja, lakini badala ya kupata nafuu akaanza kutetemeka, juani, kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Hakuvuka. Aligeuka upande wa chumba alichopanga, akapanda ngazi hadi orofa ya tatu akipumzika kila kona, akaanguka kitandani na viatu vyake.

Homa ile ilimkalia kooni. Simu yake ilikuwa na chaji kidogo, nayo iliisha jioni hiyohiyo. Chaja ilikuwa kwenye droo maabara. Chumbani mwake mlikuwa na nusu pakiti ya dawa za maumivu, ndoo ya maji na biskuti. Dirisha lilitazamana na ukuta wa jengo jingine, karibu kiasi kwamba aliweza kuona alama za mwiko wa mwashi. Jirani wa nyuma ya ukuta wa kitandani, ambaye Popo alimjua kwa kikohozi tu, alikuwa na redio iliyotangaza mpira tangu asubuhi. Timu zilifungana, zikaamka, zikalala. Popo alisinzia timu moja ikiongoza, akaamka nyingine ikiongoza, asijue kama ni mechi ileile.

Alichofanya zaidi ya yote kilikuwa kusikiliza ngazi. Nyayo zilipopanda alijiinua kidogo na kujifuta uso kwa shuka, ili atakayeingia asimkute katika hali ya aibu. Nyayo zilifika orofa ya pili zikaishia huko. Nyingine zilifika hadi ya tatu, zikapita mlango wake, na funguo zikalia mbele kidogo.

"Wanakuja," alijiambia. "Dada Mkuu hana mchezo. Kibao kikishinda Nje siku ya pili tu, atafika hapa na mfuko wa machungwa na maneno makali."

Alijifariji hivyo muda mrefu. Kisha, katikati ya mayowe ya goli redioni, akakumbuka kwamba kibao hakiko Nje.

Akakumbuka na mifuniko.

Alijikaza, akaweka miguu chini, akafika mlangoni kwa kushika ukuta. Pale mlangoni dunia ilimzunguka. Aliketi sakafuni karibu na ufagio, akauegemeza uso wake kwenye ubao wa mlango uliokuwa na ubaridi wa kupendeza, na hapo ndipo alipokaa mpaka alipopata nguvu za kutambaa kurudi kitandani. Hakulia. Alijaribu kufikiri ni nani duniani ambaye, saa ile, alidhani yeye yuko mahali alipo. Mama yake alimdhania yuko chuoni. Maabara walimdhania yuko darasani. Darasani walimdhania yuko maabara. Wote walikuwa wametulia.

Ijumaa asubuhi homa ilimwacha kama mgeni aliyeondoka bila kuaga. Alioga, akavaa nguo zilizompwaya, akaenda maabara. Kibao chake kilikuwa Kule, kimening'inia vilevile kama alivyokiacha, kikiwa kimeinama kidogo upande wa kushoto. Alikihamishia Ndani.

Dada Mkuu alikuwa ameinamia darubini. Hakuinua kichwa.

"Karibu, mtu wa kule. Wenye tai hawajambo?"

"Hawajambo," Popo alijibu, kwa mazoea tu, na akapitiliza hadi nyuma.

Kabla hajagusa chochote alijua. Mifuniko ilikuwa imejaa jasho kwa ndani, na kupitia jasho lile rangi ya kijani ilikuwa haipo. Alipofungua trei la kwanza, joto lilimpiga usoni pamoja na harufu ya mboga zilizosahauliwa kwenye sufuria. Miche ililala juu ya udongo, imeiva kwa jua, na ukungu mweupe umeifunika kama pamba iliyochambuliwa. Trei la pili hivyohivyo. La tatu hivyohivyo. Alifungua yote kwa mpangilio, kuanzia mlangoni hadi kwenye kona, bila kuruka hata moja.

Trei la kona lilikuwa hai. Utepe ulikuwa umebanduka wote ukining'inia, na hewa ilikuwa imepita katika ufa ule siku zote hizo. Miche yake ilikuwa mifupi, majani magumu, rangi nzito. Haikupendeza. Ilisimama tu.

Dada Mkuu aliingia na kopo la kumwagilia, akasimama ghafla.

"Popo! Hii ni nini? Umeiacha mifuniko imefungwa na jua hili?"

"Nilikuwa naumwa."

"Lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Lakini kibao kilikuwa Kule!"

"Najua, dada."

"Sisi tulijua uko kule."

"Na kule walijua niko huku."

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye mdomo wa kopo na kulowesha viatu vya Dada Mkuu, naye hakuona. Kisha akasema kwa sauti ya chini isiyo ya kawaida yake, "Sasa mbona hukupiga simu, mdogo wangu?"

Popo alikuwa na swali lilelile, ila la kwake lilielekea upande mwingine. Alilimeza. "Chaji iliisha," alisema.

Alasiri alivuka barabara. Mwenyekiti alimpokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Popo, umekonda! Hizo chupa zinakunyonya damu au?"

"Niliugua, Mwenyekiti. Wiki nzima nilikuwa kitandani."

"Ah! Pole sana, aisee. Tulijua umejichimbia maabara." Akapunguza sauti, akatabasamu kama anayetoa zawadi. "Lakini usihofu. Mahudhurio nimekusainia yote. Kwenye karatasi hukukosa hata kipindi kimoja."

Popo alishukuru. Hakujua afanye nini zaidi ya kushukuru. Aliketi mahali pake, akafungua daftari, na kwa kipindi chote hakusikia neno hata moja, ingawa alikuwapo kweli safari hii.

Jumapili simu ililia kwa wakati wake.

"Sauti yako mbona imekauka?" mama aliuliza.

"Vumbi, mama."

"Vumbi la maabara?"

"La barabarani."

"Kunywa maji. Na wale mapacha wanaendeleaje?"

"Wanaendelea, mama."

Siku ya jopo ilipofika, Mwenyekiti alimshauri apeleke trei la kona peke yake. Mfanyabiashara, alisema, haweki dirishani tunda lililooza. Popo alilifikiria shauri hilo kwa makini, kisha akakodi mkokoteni na kupeleka matrei yote, yaliyokufa na yaliyo hai, akayapanga juu ya meza ndefu kwa utaratibu uleule wa kitaluni. Harufu ilijaza chumba. Mwanasayansi mmoja alifungua dirisha.

Alieleza yote kwa utulivu: miche, mifuniko, jua, homa, ufa. Profesa alihesabu iliyo hai, akaandika, akakunja uso bila hasira. Kisha mhadhiri wa masoko, mama wa makamo aliyekuwa kimya tangu mwanzo, aliweka miwani yake mezani.

"Binti yangu, nikuulize kama mnunuzi. Mimi ni mkulima. Nimenunua miche yako, ninaizoesha uani kwangu. Naugua. Nani atafungua mifuniko?"

"Jirani yako, mama."

"Jirani atajuaje kwamba naumwa?"

Popo alifungua kinywa kujibu. Alikuwa amejiandaa kwa maswali ya bei, ya usafirishaji, ya magonjwa ya mizizi. Alilitazama trei la kwanza, akalitazama la mwisho.

"Sijui," alisema.

Mhadhiri yule hakucheka, wala hakuonekana kushangaa. Alirudisha miwani yake usoni na kuandika jambo.

Uamuzi uliletwa mchana uleule. Hawakumfaulisha na hawakumwangusha. Walimwongezea msimu mmoja, shahada zote mbili zikiwa mkononi mwake, kwa sharti kwamba miche mipya izoeshwe chini ya mifuniko yenye nafasi ya hewa, na kwamba arudi na jibu la swali aliloshindwa. Profesa alimpa mkono. Popo alirudisha matrei kwenye mkokoteni na kuusukuma mwenyewe, gurudumu moja likilia njia nzima.

Kesho yake alimkuta Dada Mkuu peke yake.

"Dada, una koleo?"

"La nini?"

"Nataka kung'oa ule msumari."

Dada Mkuu hakuuliza msumari gani. Alifungua droo, akatoa koleo, kisha badala ya kumpa akaenda nalo ubaoni mwenyewe. Msumari ulikuwa umeshika. Aliuvuta mara ya kwanza, akauvuta mara ya pili huku akiguna, ukatoka na kipande cha rangi. Neno Kule lilibaki juu ya tundu. Alilisugua kwa spiriti mpaka likawa doa.

"Sasa ukienda huko kwenu utatundika wapi?" aliuliza.

"Nje. Kama mtu yeyote."

"Utatuchanganya."

"Mtazoea."

"Na miche mipya tutaigusa?"

"Iguseni, dada. Nitawaonyesha muda wake."

Alasiri ile Popo alitundika kibao chake Nje, akatoka. Simu aliiwasha mlangoni, jambo ambalo kwa kawaida alilikumbuka akiwa tayari ameketi darasani. Alitembea nayo mkononi. Haikulia. Siku ya pili haikulia. Siku ya tatu alianza kufikiri kwamba macho ya watu bado yalisoma neno lililofutwa, akairudisha simu mkobani.

Ililia siku ya nne, kwenye kivuko, karibu na nguzo ya taa. Alipapasa mkobani, akakosa, akapapasa tena.

"Popo." Ilikuwa sauti ya Dada Mkuu, kavu kama siku zote. "Uko wapi?"

"Niko kivukoni. Naenda darasani."

"Mzima?"

"Mzima, dada."

"Haya. Nilitaka kujua tu."

Simu ikakatwa. Magari yalisimama, watu wakaanza kuvuka wakimpita kulia na kushoto. Popo alibaki pale kando ya nguzo, simu ikiwa bado sikioni, akisikiliza mahali ambapo sauti ile ilikuwa, mpaka magari yalipoanza kwenda tena na ikambidi angoje zamu nyingine.